Anko Kava Anajibu: Mapanki ya Shangazi na Ugomvi Mwingine wa Muvi

Mwezi uliopita niliandika kamstari kamoja tu kwenye ukurasa huu, kwamba kati ya Rambo na dokumentari mi naiogopa zaidi dokumentari, maana Rambo anamaliza jeshi zima peke yake na hakuna mtu anayetoka pale ameamini, ila dokumentari ikishawekewa mtu anaongea taratibu na kinanda kwa mbali basi tayari imekuwa ushahidi wa mahakamani. Jamani barua zilizokuja! Wengine mmenitukana kwa adabu kabisa, na shikamoo mmeanza nayo. Nimechagua chache, ndefu nimezikata kidogo, na yule wa kurasa tisa naomba anisamehe.

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi ni binti wa Mwanza, niko chuo hapa Dar. Mwalimu wetu katuonyesha dokumentari ya Darwin's Nightmare darasani, zile ndege, watoto wa mtaani, wamama wamesimama kwenye funza wanaanika mapanki. Taa zilivyowashwa wenzangu wote wakageuka kuniangalia mimi. Nikampigia baba, akasema ni uongo mtupu, mzungu alikuja kuua biashara ya sangara. Anko ni kweli au ni uongo? – Binti wa Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako imenikuta pabaya kwa sababu mimi nimelelewa na hayo mapanki. Shangazi yangu alikuwa anayakaanga huko huko Mwanza mwishoni mwa miaka ya 90 na mimi likizo zote nilikuwa napelekwa kwake. Kwa wasiojua, viwanda vinachukua minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, kinachobaki ni kichwa, mgongo na mkia, hayo ndo mapanki, wanasema jina limetokana na zile nywele za panki maana miiba ya mgongo imesimama vile vile. Wenzetu Kisumu wanaita mgongo wazi. Shangazi alikuwa na pipa limekatwa nusu, chini magogo, juu mafuta ya samaki yanatokota, na kichwa cha sangara kikishaiva shavu linafunguka lenyewe, basi anakubandulia ule mnofu wa nyuma ya jicho anaukunja kwenye gazeti na chumvi, unaungua vidole lakini huachii. Moshi wake unakaa kwenye shati wiki nzima, shuleni tulikuwa tunajulikana.

Sasa hiyo dokumentari nimeiona mara tatu. Hubert Sauper, Muaustria, aliitoa mwaka 2004, ikazunguka dunia, ikabeba tuzo ya César kule Ufaransa, ikaingia mpaka kwenye Oscar za 2006, ikashindwa na dokumentari ya pengwini. Ndiyo, tulishindwa na pengwini. Mwaka huo huo wa 2006 Rais Kikwete mwenyewe akaisema hadharani kwamba imetuchafua, watu wakaandamana Mwanza, na mwandishi wa habari aliyeonekana ndani ya filamu akapata misukosuko. Kule Ufaransa watu wakaanza maneno ya kususia sangara, alafu mwanahistoria mmoja Mfaransa, François Garçon, akaandika kitabu kizima kuipinga, akasema mpaka watoto walilipwa kuigiza. Sauper akamshtaki, na mwaka 2008 mahakama Paris ikamkuta Garçon na hatia ya kumkashifu, rufaa nayo akashindwa. Kwa hiyo baba yako akisema "uongo mtupu" mwambie pole pole kwamba mwenzake mmoja alisema hivyo akaishia kortini.

Lakini na mwalimu wako naye mshike hapa. Muulize, bunduki uliziona wapi? Maana watu wakitoka kwenye ile filamu wote wanasema ndege zinaleta bunduki Mwanza zinaondoka na samaki, kana kwamba wameona kwa macho. Rudia kuangalia. Hamna hata sini moja silaha inashushwa pale uwanjani. Kuna rubani anasimulia, tena kwa majonzi, kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola akarudi na zabibu za kupeleka Ulaya. Angola, siyo Mwanza. Ila anasimulia, unaona ndege, unaona samaki, unaona mtoto amelala barabarani, na kichwa chako chenyewe ndo kinashona kitambaa. Sauper hajadanganya hapo, amekuachia wewe sindano tu. Ndo maana nilisema naiogopa dokumentari, sikusema zote zinadanganya, wengi mmenisoma haraka.

Funza walikuwepo mwanangu. Siwezi kumruka shangazi ili niwafurahishe watu wa utalii. Yule mama kwenye filamu ambaye jicho lake limeharibika, na zile hewa kali zinazotoka kwenye samaki waliooza, mimi nazijua, macho yalikuwa yanatutoka machozi siyo ya kilio. Na sangara kweli hakuwa samaki wa ziwa lile, aliwekwa enzi za mkoloni miaka ya 50, akaja kuwamaliza furu wetu, wale samaki wadogo wa asili, hiyo pia siyo hadithi. Ila na ada ya shule ilikuwepo. Pipa lile lilisomesha watoto wanne, lilijenga vyumba viwili vya tofali za kuchoma, na mapanki yetu yaliliwa na watu wenye njaa na wasio na njaa, maana ni matamu, hilo mbona hamsemi? Leo bondo la sangara, yaani kile kibofu chake cha hewa, lile tulilokuwa tunatupia paka linauzwa bei inayozidi minofu yenyewe.

Mwaka juzi nilimwonyesha shangazi kwenye laptop. Amezeeka, anaangalia kwa karibu kabisa pua inagusa kioo. Nilidhani atalia au atakasirika. Ikafika ile sehemu ya mapanki kwenye chanja, akasema, "Wameanika vibaya, chanja ziko chini, samaki hapati upepo, lazima apate funza." Basi. Kama fundi anaangalia kazi ya fundi mwenzake. Baadaye kidogo akauliza, "Na huyu mama, yule mzungu alimrudishia hii picha akaiona?" Nikakosa jibu, na mpaka leo sina.

Kwa hiyo wenzako darasani wakigeuka tena kukuangalia, usijieleze. Na baba msalimie.

SWALI: Anko unatukatisha tamaa vijana. Mbona ile video ya Kony 2012 ilifanya dunia nzima imjue muuaji Joseph Kony, mkuu wa wale waasi wa LRA waliotokea Uganda? Bila dokumentari nani angejali? – Mdau, Arusha

JIBU: Mdau, mimi mwenyewe niliisambaza, nakiri hapa mbele ya watu. Machi 2012 nipo intaneti kafe, saa moja kwa shilingi mia tano, ile video ni nusu saa lakini kwa spidi ya siku zile niliiangalia kwa masaa mawili, inakwama, inazunguka, na bado nikatokwa na machozi, nikashea kwa watu wote ninaowajua nikajiona nimemkamata Kony kwa mikono yangu. Siku sita tu ilishaangaliwa mara milioni 100. Nikalala usingizi mzito.

Asubuhi Mganda mmoja tuliyekuwa tunafanya naye kazi, mtu wa Gulu, akaniuliza kwa upole, "Wewe unajua Kony yuko wapi?" Nikasema Uganda. Akacheka kile kicheko cha mtu aliyechoka. Kony na watu wake walishaondoka Uganda tangu 2006 hivi, walikuwa wanahangaisha watu wa Kongo na Afrika ya Kati huko, na watu wa Gulu wao walikuwa wanahangaika kurudi mashambani. Siku chache baadaye ikaonyeshwa laivu Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa watu wenyewe waliokatwa na kutekwa, wakakaa uwanjani usiku wanasubiri kujiona. Wakakuta Mmarekani anamweleza mtoto wake mdogo habari za Kony, na fulana, na bangili za kuuzwa. Watu wakakasirika mpaka mawe yakarushwa, onyesho likavunjika.

Unaniuliza nani angejali. Sawa, watu walijali, sikatai. Lakini wewe fikiria upo Lira, mdogo wako hajarudi, alafu mtu anakuuzia jina la aliyemchukua limeandikwa kwenye fulana. Hapo dua zote za mdau zinageuka mawe.

SWALI: Anko habari. Mwanangu wa miaka sita ameimaliza The Lion King mpaka CD imekwaruzika. Sasa anamwita bibi yake "Sarabi" na kila nikimwambia aoge ananijibu hakuna matata. Eti ni kweli Disney wamekinunua Kiswahili chetu? Na Mufasa maana yake nini, bibi kaniuliza. – Mama Wawili, Kigamboni

JIBU: Nzuri mama. Kwanza bibi aambiwe sarabi ni mazigazi, lile jimaji la uongo unaloliona mbele kwenye lami wakati wa jua kali, kwa hiyo kama hajapendezwa ana haki. Mufasa siyo Kiswahili, msimtafutie maana. Simba ni simba, hapo hawakuumiza kichwa, ni sawa na kumwita mbwa wako Mbwa. Pumbaa wamepatia. Na yule fisi Shenzi ndo jina pekee mle ndani linalosikika kama limetoka mdomoni mwa mswahili aliyekanyagwa kwenye daladala.

Kununua Kiswahili hapana, ila kuna ukweli ndani yake. Disney waliomba kusajili maneno "hakuna matata" kama alama ya biashara tangu 1994 muvi ilipotoka, wakapewa 2003 kule Marekani, kwa ajili ya nguo, yaani fulana. Mwisho wa 2018, ile mpya ikiwa njiani kuja, Mzimbabwe mmoja akaanzisha saini za kupinga, watu wengi sana wakasaini na kelele zikawa kubwa. Mwanao anaweza kuendelea kukataa kuoga bila kushtakiwa. Mimi kinachonichekesha ni kwamba tumeandamana kugombania maneno ambayo hatuyatumii! Niambie lini mara ya mwisho umemwambia mtu "hakuna matata" Kigamboni kwenye foleni ya pantoni. Sisi ni hamna shida, hamna noma, freshi, poa. Hakuna matata ni ya hotelini, Them Mushrooms wa Mombasa walishawaimbia watalii tangu miaka ya 80 mwanzoni, na wao ndo walipaswa kugomba wa kwanza.

Kama ni kukasirika mi nakasirikia wimbo. Ule wa simba amelala, unaoimbwa na Timon na Pumbaa, mzizi wake ni "Mbube" wa Solomon Linda, Mzulu, aliurekodi 1939, akafa 1962 hana kitu wakati dunia inaucheza. Watoto wake wakaja kuishtaki Disney 2004, wakamalizana 2006. Hapo kuna mtu, kuna jina, kuna njaa. Fulana tuwaachie.

Alafu yule Rafiki, wanamwita nyani lakini sura ile ya rangi rangi ni ya mandrili, anakaa misitu ya Gabon na Kameruni huko, Serengeti alifika kwa nauli ya nani sijui.

SWALI: Wewe Anko una wivu. Black Panther ilizinduliwa hadi Kisumu 2018, Lupita ni wetu, na uliandika ati ni "Afrika ya dukani". Jitetee. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Niliandika na sijafuta. Nguo zilinifurahisha, na Ruth Carter alistahili ile Oscar yake. Lakini watu wa Wakanda, ile nchi ya kubuni ya kwenye muvi, wanaongea Kixhosa, ramani inawaweka karibu na Turkana, vazi Wamasai, na utajiri wote huo bado mfalme wanamchagua kwa kupigana kwenye maporomoko ya maji, hata kura ya kunyoosha mikono hamna? Ila nilivaa kitenge kwenda kuiona, nililipia tiketi mbili, na Lupita alipotokea nilipiga kelele mpaka jirani akanitazama. Wivu ninao pia. Yote mawili yanakaa kwenye kifua kimoja.

SWALI: Anko, Hotel Rwanda nililia sana. Juzi kijana kaniambia yule baba wa kweli wa hoteli alihukumiwa kwa ugaidi. Sasa machozi yangu nirudishiwe au? – Mwalimu mstaafu, Bukoba

JIBU: Shikamoo mwalimu. Machozi yako yalikuwa ya wale watu, siyo ya mwigizaji Don Cheadle, baki nayo. Wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 watu 1,268 walijificha Hôtel des Mille Collines kule Kigali wakatoka hai, hilo halina ubishi. Ubishi ni nani aliwaokoa. Muvi ya 2004 ikasema ni Paul Rusesabagina, Bush akamvisha nishani 2005, alafu baadhi ya waliokuwa mle ndani wakasema jamani huyu alikuwa anatudai hela za vyumba, yeye na wanaomtetea wakasema hizo ni siasa kwa sababu ameanza kumpinga Kagame. Agosti 2020 akapanda ndege Dubai akijua anaenda Burundi, ikatua Kigali. Septemba 2021 akafungwa miaka 25 kwa ugaidi, akihusishwa na kundi lenye silaha, Marekani ikasema ameshikiliwa kinyume cha haki, na Machi 2023 akaachiwa.

Mi sitakuamulia hiyo kesi mwalimu, wewe uko Bukoba, Rwanda unaijua kwa karibu kuliko mimi wa Dar. Ugomvi wangu ni na yale maandishi madogo, "imetokana na stori ya kweli". Hapo ndo muvi inaazima koti la dokumentari. Muvi ya Hollywood haiwezi kutembea bila steringi, lazima apatikane mmoja wa kubeba, na aliyepatikana wakamnyoosha mpaka hana kasoro. Mtu wa kweli hawezi kuishi ndani ya lile koti. Wewe umefundisha watoto miaka yote hiyo, ungeandikiwa muvi wangeanza kwa kuficha fimbo.

SWALI: Anko, mimi muvi zote nimeziona kibanda umiza, zimetafsiriwa. Jamaa zangu wa chuo wanasema hiyo siyo kuangalia muvi, maana mtafsiri anajitungia. Ni kweli? – Dereva bodaboda, Tandika

JIBU: Anajitungia, ndiyo. Na hao jamaa zako wanaosoma sabutaito, nani kawaambia aliyeandika sabutaito hajitungii? Wewe kaa na mtafsiri wako Lufufu kwa amani, na Wakenya na DJ Afro wao.

Mimi mtaani kwetu kabla ya hizo CD za kutafsiriwa kulikuwa na jamaa anatafsiri laivu, amesimama pembeni ya TV ya inchi 14 na fimbo, kiingilio shilingi 50, benchi za mbao zina misumari. Kichina alikuwa hajui hata neno. Na wakati huo balozi wa nyumba kumi alikuwa ametufungia kibanda wiki mbili kwa ajili ya kelele. Siku kilipofunguliwa ikawekwa muvi ya kareti, akatokea adui mkuu, kipara, ndevu ndefu, na mtafsiri bila hata kupepesa macho akampa jina la balozi. Basi kila adui akiongea ni balozi anaongea, anadai michango ya mwenge, anakataza watu kupiga muziki, anakula hela za kisima. Kibanda kizima kinalia kwa kicheko. Mwisho steringi akamrusha kutoka ghorofani, watu wakasimama juu ya benchi, na hapo ndo nikageuka nikamwona balozi mwenyewe, benchi la nyuma kabisa, amelipa 50 yake, anapiga makofi kuliko sisi wote.